Kabla ya Kumjibu Mfalme

Somo: Nehemia 2:1–8

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta wa Uajemi, huko Shushani. Kazi ya namna ile inataka uso mkunjufu. Anayemletea mfalme divai huku amenuna anajitafutia makubwa, maana mfalme anaweza kujiuliza kuna nini ndani ya kikombe. Siku hiyo mfalme akamtazama, akamuuliza mbona ana huzuni na hali haumwi, kisha akajijibu mwenyewe kwamba hii ni huzuni ya moyo tu.

Nehemia hakuwa amesema neno. Habari za Yerusalemu, ukuta uliobomolewa na malango yaliyoteketea kwa moto, alizipokea mwezi wa Kisleu, na sasa ulikuwa Nisani. Miezi minne hivi. Mdomo wake aliweza kuuzuia, lakini uso ulimshinda.

Kisha anaandika: “Ndipo nikaogopa sana.” Mfalme akamuuliza anataka nini. “Basi nikamwomba Mungu wa mbinguni,” na hapo hapo akamjibu mfalme.

Sala hiyo ilichukua muda gani? Mfalme anangoja jibu, malkia ameketi kando. Huwezi kupiga magoti, huwezi hata kufumba macho. Labda ilikuwa pumzi moja. Wahubiri wengi hukaa sana kwenye sala hiyo fupi, na wana haki. Mimi wiki hii nimekwama mistari miwili nyuma yake, pale anapokiri hofu. Alijua kwamba anaogopa. Aliitambua hofu ikiwa bado mwilini, akaigeuza kuwa sala kabla haijageuka kuwa jibu la hovyo.

Wengi wetu hatufiki hapo. Mwenzako ofisini anakuambia leo hauko sawa, nawe unajibu “niko poa” huku meno yamekazana na mabega yamepanda hadi masikioni. Jioni mtoto anamwaga uji, anapigiwa kosa ambalo si lake. Hasira ile ilianza saa nne asubuhi, na mwili ulikuwa ukiipigia kelele mchana kutwa. Hakuna aliyeusikiliza.

Tumezoea kusema Mungu hutazama moyo, na ni kweli. Lakini wenye zaburi hawakuutenga moyo na mwili kama tunavyofanya sisi. Daudi aliponyamazia dhambi yake, mifupa ndiyo iliyochakaa (Zaburi 32:3). Asafu alipowaonea wivu waovu waliostawi, viuno vilimchoma (73:21). Hana aliomba moyoni na midomo ikatikisika, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Mtoza ushuru wa Luka 18 hakuthubutu kuinua macho, alijipiga-piga kifua. Ukiuondoa mwili katika sala hizi, sijui kitabaki nini.

Jambo hili liliwahi kuleta ugomvi mkubwa kanisani. Karne ya 14, watawa wa Mlima Athos, Ugiriki, walikuwa na desturi ya kuketi kimya, kuinamisha kichwa, kuituliza pumzi na kuomba maneno machache wakiwa wameelekeza nia yao moyoni: “Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi.” Mtawa msomi aliyetoka Kalabria, Italia, jina lake Barlaam, akawadhihaki kwamba ni watu wenye roho kitovuni. Aliyewatetea ni Gregori Palama, naye mtawa wa Athos, aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Thesalonike. Alikwenda moja kwa moja kwa Paulo: mwili wenu ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19). Kama Roho anakaa humo, ya nini kuikimbiza akili nje ili ikamtafute? Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 1341 ulimkataa Barlaam. Sala yenyewe Waorthodoksi wanaisali mpaka leo, wakiwamo ndugu zetu wa Kenya, Uganda na Tanzania.

Najua baadhi yenu mkisikia neno tahajudi, yaani kukaa kimya na kutafakari, mnashtuka, mnahofia tunaingiza dini nyingine kwa mlango wa nyuma. Hofu hiyo siidharau. Kuna mafundisho yanayomtaka mtu aifute akili ibaki tupu, na mimi siyafuati. Nehemia hakufuta kitu. Hofu ilikuwapo, Yerusalemu ilikuwapo, mfalme alikuwa mbele yake, naye akamgeukia Mungu akiwa na vyote hivyo.

Sasa, tufanyeje? Msitafute saa nzima ya ukimya. Kina mama wa jumuiya yetu wakiambiwa watafute saa nzima watacheka, na watakuwa sahihi. Chukua nafasi ambazo tayari unazo: ndoo inajaa bombani, daladala imesimama kwenye mataa, simu inaita na umeona jina la mtu anayekudai. Kabla ya kupokea, tambua mwili uko wapi. Miguu imekanyaga chini? Taya zimekaza? Tumbo joto? Usijihukumu, wala usilazimishe kutulia. Mwambie Mungu ulichokikuta kama kilivyo: “Bwana, kifua kimebana. Naogopa simu hii.” Hiyo tayari ni sala. Ukipenda, weka kiganja kifuani. Vuta pumzi kwa “Bwana Yesu Kristo,” itoe polepole kwa “unihurumie.”

Kutoa polepole kuna sababu yake. Moyo huongeza kasi kidogo tunapovuta pumzi na kuipunguza tunapoitoa, kwa hiyo pumzi inayotoka taratibu humsaidia mtu kutulia. Mimi naona ni wema wa Muumba kutuwekea breki hiyo kifuani. Lakini tusichanganye mambo: mapigo yakitulia haina maana kwamba Roho ameshuka, na yakiendelea kudunda haina maana kwamba ameondoka. Nehemia anatuambia aliogopa sana, na hasemi popote kwamba hofu iliisha kabla hajafungua kinywa.

Kuna wenzetu ambao kukaa kimya na kuusikiliza mwili kunawafungulia mambo mazito. Aliyefiwa karibuni, aliyepigwa, aliyepitia vita. Ukiona roho inakuwa juu juu kila ukikaa, usijikaze. Fumbua macho, simama, omba ukitembea au ukichambua mchele, na umtafute mtu mzima katika imani wa kukaa nawe, au mshauri aliyesomea kazi hiyo. Na maumivu ya kifua yanayorudi rudi yapeleke kwa daktari ayaone. Tutakuombea ukiwa kwenye foleni ya hospitali.

Jambo jingine ambalo huwa tunalipita. Sala ile ya pumzi moja haikuota hewani. Sura ya kwanza inasema Nehemia aliketi, akalia, akafunga na kuomba siku kadhaa, akiungama hata dhambi za nyumba ya baba yake. Anayetaka sala ya Shushani bila kufunga kwa Kisleu atapata shida siku mfalme atakapomuuliza. Kwa hiyo pamoja na zile nafasi za mchana, ongezeni usiku. Zaburi 4:4 inatuambia tutafakari vitandani mwetu na kutulia. Kabla ya usingizi, ipitie siku: ni wapi mwili ulikaza, ulikuwa na nani, mlikuwa mnazungumza nini. Mengine yatahitaji toba, mengine ni uchovu tu, na uchovu dawa yake ni kulala. Eliya chini ya mretemu alipewa mkate na maji, akalala tena, kabla Mungu hajamuuliza swali lolote.

Na tazameni Nehemia alivyojibu baada ya kuomba. Alitoa muda maalumu mfalme alipomuuliza atarudi lini. Akaomba barua kwa maliwali walio ng’ambo ya Mto Frati, wampe njia mpaka Yuda. Akaomba na barua ya pili kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ampe miti ya malango ya ngome, ya ukuta wa mji, na ya nyumba atakayokaa yeye mwenyewe.