Siku moja na mimi, mtu wa vioo wa karwashi hapa South B

Saa kumi na mbili asubuhi

Nafika mapema kuliko wengine wote na si eti ni bidii, ni vitambaa. Hapa kwetu kila mtu ako na kazi yake, kuna kijana wa presha, kuna wa vakyumu, kuna wa rimu na tairi, mimi ni wa vioo, na mtu wa vioo akikosa vitambaa safi anabaki tu kuhamisha uchafu kutoka mlango huu hadi ule. Kwa hivyo kitu ya kwanza ni kuenda kwa kamba nyuma ya shedi kuvitoa, za mikrofaiba, bluu ni za nje, kijani ni za ndani, nyekundu ni za yule wa rimu na ole wake nipate nyekundu imeingia kwa beseni yangu.

Hizi vitambaa huoshwa zenyewe. Ukizichanganya na taulo ya pamba zinakamata manyoya yote na hayo manyoya utayaona kwa kioo cheusi kama yamepangwa. Na sofna, ile ya kulainisha nguo yenye harufu ya maua, hapana kabisa. Sofna inaacha kitu kama mafuta kwa nyuzi za kitambaa, hayo mafuta yanaenda kwa kioo, halafu mtu anabaki akilaumu dawa. Nimebadilisha dawa za vioo mara nyingi sana kwa hii kazi na nitakwambia tu ukweli, mistari mingi inatoka kwa kitambaa, dawa inasingiziwa.

Kitu ya pili ni maji. Ya kuosha bodi tunatumia ya borehole, iko sawa, lakini ile maji iko na madini mingi, ikikaukia kwa kioo inaacha madoa meupe. Kwa vioo nakinga maji ya mvua kutoka kwa mabati, ila ile ya kwanza kunyesha naiacha iende na vumbi na mavi ya ndege. Mvua ikipotea nanunua maji ya betri pale petroli, ile distilled, sio asidi tafadhali, soma chupa kabla ulete balaa.

Saa moja

Magari ya kwanza ni ya wale wa teksi za apu waliokesha barabarani. Vitz, Demio, Vitz tena. Hawa wako na haraka na mimi huwaelewa, kioo nje kioo ndani twende. Kijana wa vakyumu bado anajifunza, ameshika dawa ya kung'arisha dashibodi anataka kupuliza nikiwa nishamaliza windskrini. Nikamwambia bro, vioo ni mwisho, kila siku vioo ni mwisho. Hiyo dawa yako ya dashibodi iko na silikoni, ukipuliza inaruka hadi kwa windskrini huoni, lakini huyu boss usiku akipigwa na taa za lori pale Mombasa Road ataona. Na dawa iwe ya dashibodi iwe ya kioo, puliza kwa kitambaa, si kwa gari.

Saa mbili na nusu chai na mandazi kwa mathe hapo nje. Hakuna story hapo, ni kula tu.

Saa tatu

Madam mmoja analeta Demio, vioo vya nyuma tinti imekuwa ya zambarau na kwa kona moja imejaa mapovu kama uji unachemka. Anatoka na swali moja kwa moja.

"Dada, hii mtanitolea hizi mapovu na maji?"

"Haitoki na maji madam. Unaosha na nini nyumbani?"

Akafungua buti akanionyesha spre ya vioo vya nyumba, ile rangi ya bluu. Nikanusa tu kifuniko nikajua. Ile harufu inakupanda kwa pua mpaka macho yanatoa maji, hiyo ni amonia. Kwa dirisha la nyumba haina shida, ni kioo kitupu. Tinti ya kubandika ni kitu ingine, ni filamu ya plastiki iliyobandikwa upande wa NDANI na gundi, na zile za bei ya chini rangi imewekwa tu ndani ya hiyo plastiki au kwa gundi yenyewe. Amonia inashambulia hiyo plastiki na gundi pole pole, filamu inaanza kuachilia kioo, ndio unaona mapovu na kona zinajikunja.

Lakini sikutaka kumdanganya, ile zambarau haikuwa ya spre peke yake. Jua likipiga tinti ya bei rahisi kwa muda rangi inavunjika, nyeusi inageuka zambarau hata ungekuwa unaosha na maji matamu. Hapo dawa ni kubandua na kuweka ingine. Nikamwambia akienda kuweka asiangalie tu weusi, aulize kama ni ya rangi tupu ama ni karboni ama seramiki, hizo mbili hazigeuki hivyo, bei pia iko juu, lakini afadhali ulie mara moja.

Akaniuliza sasa atumie nini. Maji safi lita moja, tone mbili tatu za sabuni ya vyombo ama shampoo ya mtoto, imetosha. Ukipenda kununua, soma lebo iwe imeandikwa haina amonia. Watu hawataki kuamini kwa sababu sabuni ya vyombo haina mbwembwe.

Saa tano

Prado nyeupe, mwenyewe alikuwa ameegesha karibu na Nyayo Stadium chini ya ile miti wanakaa makorongo marabou. Kama umepita hapo unajua wanamwaga nini. Windskrini imepakwa chokaa, paa imepakwa chokaa, mzee mwenyewe ameshika kitambaa kikavu anataka kuanza kusugua.

Mzee, wacha. Uchafu wa ndege ukikauka uko na mchanga na vipande vya vitu alikula, ukisugua ukiwa mkavu unachora. Nikaloweka tishu na maji ya uvuguvugu nikalaza juu ya kila doa nikaacha kama dakika kumi, tukapiga story za siasa kidogo, nikarudi nikainua tishu na uchafu ukainuka nayo. Kilichobaki kwa kioo cha nje nikapitisha wembe wa kukwangua ukiwa umelala, kioo kikiwa kimelowa sabuni. Nje unaweza, hakuna filamu. NDANI wembe usikaribie hata kwa utani, kuna mtu alikuwa anatoa stika ya shule ya mtoto kwa kioo chenye tinti akatoka na stika pamoja na ramani ya Afrika.

Madoa meupe ya maji ya borehole yakigoma, siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, upande wa nje, weka kitambaa kilichoshika hiyo maji kwa doa dakika chache halafu suuza. Na ukiwa hapo nje inua wipa upanguse raba yake na kitambaa chenye maji, utashangaa hiyo weusi inatoka. Mtu anakuja analia kioo kina mistari ya mviringo, kumbe ni wipa inajipakia uchafu kila akiiwasha.

Saa saba

Jua limesimama juu ya kichwa. Huu ndio wakati wa kugombana na wateja kwa sababu kila mtu ako lunch na anataka gari iko tayari akitoka kula. Kioo kikiwa moto, dawa inakauka kabla ufikishe kitambaa, na ikikauka yenyewe ndio hiyo mistari sasa. Gari inaingia shedi, milango inafunguliwa, kioo kinapoa, ndio naanza. Boss mmoja wa Subaru akaniambia anaenda kwa jirani kule hawana maneno mingi. Aende. Kule pia wako na jua lile lile.

Mimi nilikula chapo madondo.

Saa nane na nusu

Harrier nyeusi na kijana msafi sana, anaogopa vioo vya nyuma kwa sababu alisikia tinti inaharibika. Nikamwambia teremsha kioo kidogo uangalie ukingo wa juu. Filamu huacha mstari mwembamba, unaona mahali imeishia, ukipitisha ukucha unasikia. Yake haikuwa na kitu, kioo chenyewe ndicho kilikuwa cheusi. Gari nyingi za kutoka Japani huja na vioo vya nyuma namna hiyo, rangi iko ndani ya kioo tangu kiwandani, hiyo haibanduki haichuni. Milango ya mbele ndio alikuwa amebandika mwenyewe. Kwa hivyo gari moja, vioo aina mbili, na wengi hawajui.

Huyu kwa vile hakuwa na haraka nilimfanyia ile kazi yangu yenyewe. Kitambaa nakunja nusu, halafu nusu tena, napata nyuso nane, uso ukichafuka nageuza. Napuliza kwa kitambaa kiwe na unyevu tu, kisidondoshe. Kioo cha mlango nakiteremsha vidole viwili, napangusa ule ukingo wa juu kwanza kwa sababu huko ndiko kuna mstari wa mafuta ya kichwa na vumbi unaojificha kwa raba, kisha nakipandisha namalizia chini. Ndani napangusa juu chini, juu chini. Nje napangusa kulia kushoto. Sababu ni rahisi, ukibaki na mstari unajua uko upande gani, ukisimama ni wa ndani, ukilala ni wa nje, huzunguki gari kama unatafuta mbuzi. Halafu kitambaa cha pili kikavu kabisa kinafuata hapo hapo kabla unyevu ukauke wenyewe.

Kioo cha nyuma kabisa kina zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu. Hapo nabadilisha, hata ndani naenda kulia kushoto kufuata nyaya, kwa mkono mwepesi, pete nimetoa.

Windskrini kwa ndani ndio mwalimu wa wote. Ule ukungu wa kijivu hautoki na mara moja, unatoka kwa plastiki ya dashibodi yenyewe, ikipikwa na jua inatoa mvuke unaoganda kwa kioo, na kama mwenye gari anavuta sigara ndio basi. Napitisha mara mbili, ya kwanza kutoa mafuta, ya pili na kitambaa kingine. Zile kona za chini mkono hauingii, nageuza kiganja kitazame juu, mgongo wa mkono ulale kwa dashibodi, vidole vinasukuma kitambaa hadi mwisho. Ukijaribu na kiganja chini utavunjika kiwiko na kona itabaki chafu.

Saa kumi

Probox imetoka kuwekwa tinti leo leo, mwenyewe anataka ioshwe yote ndani nje ing'are. Nje tutaosha, ndani sigusi. Akakasirika, akanionyesha vijipovu vidogo vya maji anataka nivisukume. Aki hapana. Hiyo ni maji ya fundi bado inakauka, itaisha yenyewe, na ukisukuma na kitambaa utahamisha filamu. Nikamwambia siku chache za kwanza hata kioo asiteremshe, kuosha ndani angoje wiki kadhaa ama hadi mwezi, afuate venye fundi wake alisema, na baridi kama hii ya Julai inachelewesha kukauka. Akauliza kwani mnakataa pesa. Leo ndio, mwezi ujao tutaikubali.

Nyuma yake kulikuwa na mzee na Peugeot ya zamani, safi kama mpya, na gazeti amekunja kwapani. Si la kusoma. Anasema baba yake aliosha vioo na gazeti na hakuna kitu hushinda. Kwa kioo kitupu sitabishana naye, gazeti linafuta vizuri. Kwa filamu sitaki, karatasi ni ngumu inachora vimistari vidogo vidogo, halafu wino unabaki kwa raba ya mlango na kwa shati. Peugeot yake haikuwa na tinti, kwa hivyo nilimwacha afanye windskrini yake mwenyewe huku mimi nikifanya milango, na ukweli usemwe, yake ilitoka safi.

Saa kumi na moja na nusu

Jua limeshuka, sasa linapita kwa kioo likiwa limelala na hapa hakuna mtu anaficha kitu. Gari zinazotoka saa hii nazikagua mara mbili. Zile za mchana nilitumia tochi ya simu, unaweka pembeni, si mbele.

Tunagawa pesa, ya mwenye kiwanja inatoka kwanza, ya maji, ya stima, kinachobaki kinaingia M-Pesa. Naloweka vitambaa, bluu peke yake, kijani peke yake.

Saa mbili usiku

Niko kwa mat naenda nyumbani Pipeline, meseji inaingia kutoka kwa yule kijana wa Harrier na picha ya giza giza, anasema siz umeniangusha, kuna mistari kwa kioo cha nyuma kushoto. Nikamuuliza imesimama ama imelala. Imesimama. Kwa hivyo ni ndani. Nikamwambia apige tena picha karibu na tochi ikiwa pembeni.

Akatuma. Ilikuwa mitano, mifupi, imepangika vizuri.

Nikamuuliza amebeba mtoto wa nani.