Jino Lililovunjika Kabla ya Gundi

Binti yangu alikuwa anafuta rangi ya kucha sebuleni. Harufu ya asetoni iliponifikia jikoni, mawazo yakaenda moja kwa moja Kampemba, Lubumbashi, kwenye karakana ya Papa, kiangazi kile Dokta wa meno alipokataa kuendelea kuamini namba za nguvu ya gundi ya kubandikia vizibo vya meno zilizo kwenye karatasi za wauzaji. Alisema tujipimie gundi wenyewe.

Gundi ilikuwa moja, chupa mbili. Chupa mpya haijafunguliwa, na ile ya kliniki iliyokuwa ikiachwa wazi kila mara mtu anapotafuta brashi. Gundi ya asetoni haivumilii hilo. Asetoni ndiyo inayoyafukuza maji kwenye jino na kuipeleka rezini, ile plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa taa, mahali pake. Ikiruka hewani, chupani inabaki rezini nzito isiyo na wa kuibeba. Na mgonjwa hajui kitu. Jino linazibwa, linapendeza, anaenda zake, kisha baada ya miezi anarudi na kizibo mkononi.

Enameli, ganda gumu la nje la jino, hatukuipima. Tangu Buonocore alipoonyesha mwaka 1955 kwamba asidi fosforiki inaifanya ishikike, huko hakuna ugomvi mkubwa. Ugomvi uko kwenye dentini, tabaka lililo chini yake, kwa sababu dentini ina maji na ina kolajeni, yaani nyuzi za protini. Asidi ikishaondoa madini ya juu, nyuzi za kolajeni zinabaki zikielea, kama nywele za mtu anayeoga ziwani: ndani ya maji zinatawanyika, akitoka zinashikana na kulala. Ukipuliza hewa hadi jino likauke, nyuzi zimelala na rezini haina pa kupenya. Ukiacha maji mengi, rezini inakuta nafasi imeshachukuliwa. Tabaka lile la rezini iliyoingia ndani ya kolajeni, ambalo Nakabayashi wa Japani alilieleza mwaka 1982, linategemea sekunde hizo chache. Basi tukawa na makundi matatu: chupa mpya juu ya dentini yenye unyevu, chupa mpya juu ya dentini iliyokaushwa, na chupa ya zamani juu ya dentini yenye unyevu.

Meno yalikuwa magego ya mwisho yaliyong'olewa, wenyewe wakiwa wamekubali. Yalikaa kwenye kloramini-T ya asilimia 0.5, kisha kwenye maji safi ndani ya friji. Formalini hapana, inabadilisha kolajeni. Maji ya klorini ya kufulia hapana pia, yanaacha oksijeni inayozuia rezini isigande. Na jino lisikauke hata mara moja, kuanzia siku linapong'olewa.

Tulikata mizizi, tukasimamisha kila jino ndani ya kipande cha bomba la plastiki na kulimwagia akriliki, ileile ya waridi ya meno ya bandia. Akriliki ikiganda inapata joto kali, kwa hiyo mara tu inapoanza kukaza unatumbukiza kipande chote kwenye maji baridi. Baada ya hapo msasa, wenye maji yanayotiririka muda wote: namba 180 mpaka enameli iishe, halafu 600. Enameli inang'aa, dentini ni ya manjano na imefifia. Ukiona ukingo mweupe ndani ya eneo lako, endelea kusugua. Ila usishuke sana, maana karibu na kiini cha jino vijitundu ni vingi na vipana, maji yanapanda, na gundi inaonekana dhaifu bila kosa lake.

Kwenye kubandika, mkono mmoja tu ndio uliofanya meno yote, wa Dokta. Utepe wenye tundu la milimita 3 juu ya dentini. Asidi ya asilimia 37, sekunde 15. Maji, sekunde 15. Kundi la unyevu likafutwa kwa pamba iliyolowa na kukamuliwa. Kundi la ukavu likapulizwa hewa. Gundi mara mbili, ukisugua, halafu hewa ya taratibu mpaka uone kimiminika hakitembei tena. Taa sekunde 20. Utepe huo una kazi yake: gundi ikisambaa nje ya duara, unagawanya nguvu kwa eneo dogo kuliko lililoshika kweli, na namba inapanda kwa uongo. Juu yake tulisimamisha kipande cha mrija wa dripu wenye tundu la milimita 3, tukaujaza kompositi, rezini nzito ya kuzibia meno, tukaigandisha, kisha tukauchana mrija kwa kisu cha upasuaji. Meno yakalala saa 24 kwenye maji ya nyuzi 37.

Hapo kwenye kuchana mrija, baadhi ya vidonge vya kompositi vilidondoka vyenyewe. Karibu vyote vilikuwa vya kundi lililokaushwa.

Papa alikuwa na mashine kubwa ya kubana. Aliyageuza meno yetu kwenye kiganja, akacheka.

"Dokta, hii inavunja betoni. Jino yako haitaisikia hata."

Alikuwa sahihi. Tulihitaji kupima kilo 10, kilo 20 hivi, na mashine ile inahesabu kwa tani. Basi akatutengenezea ya kwetu kutoka kwenye mabaki ya vyuma: kishikio kinacholibana jino uso wake wa dentini ukiwa wima, kidonge kikitokeza kwa ubavu, kitanzi cha waya mwembamba wa chuma kisichoshika kutu kinachozunguka kidonge, na chini ya waya, bidoni la lita 20. Hakuna kapi, kwa sababu kapi lina msuguano na msuguano unaiba namba. Maji yalishuka kutoka ndoo ya juu iliyokuwa ikijazwa muda wote ili kasi isibadilike, karibu lita 5 kwa dakika, yaani kama nyutoni 50. Bidoni lilining'inia sentimita 2 juu ya godoro. Likianguka, unafunga maji na kupima uzito wa kila kilichokuwa kwenye waya, bidoni na ndoano vikiwemo.

Waya lazima uguse dentini. Ukikaa milimita 1 mbali, huusukumi tena mshikamano, unaupinda kwa wenzo, na kidonge kinang'oka mapema. Papa alikuwa anapiga magoti kuangalia kwa ubavu kila jino kabla hajafungua maji.

Kundi kavu lilikwisha haraka, mengi yaliachia kabla bidoni halijafika nusu. Chupa ya zamani haikuwa mbali nalo.

Kisha likaja lile jino la chupa mpya. Maji yakapita lita 10, tukawa bado tunaongea. Yakapita 14, tukanyamaza. Papa aliweka kidole karibu na waya, bila kuugusa, akasema anausikia unatetemeka. Bidoni lilikuwa limeanza kuzunguka taratibu, robo mduara kulia, robo mduara kushoto, na kila lilipogeuka nilimwona Dokta akikunja uso, maana waya ukijisokota hata kidogo mzigo hauendi sawa. Nikalishika bidoni kwa vidole viwili kulituliza na kuliachia. Mlio ulikuwa mkavu, mdogo kuliko nilivyotarajia. Bidoni likakaa godoroni. Mizani ikasema kilo 17.3.

Hesabu ni fupi. 17.3 mara 9.81 ni karibu nyutoni 170. Eneo la duara la milimita 3 ni milimita za mraba 7.07. Gawanya, unapata nyutoni 24 kwa kila milimita ya mraba, yaani megapaskali 24.

Papa aliokota kidonge kwanza. Akakipeleka dirishani, akakigeuza, akaniita, "Yaya, njoo uone." Nyuma yake kilikuwa kimebeba kipande cha dentini, cha manjano, chenye kingo kali. Na kwenye jino palikuwa na shimo. Gundi haikuachia. Jino ndilo lililovunjika.

Papa alifurahi sana: gundi imelishinda jino, andika imeshinda! Dokta alikuwa ameshachukua lenzi na hakufurahi. Dentini ikivutwa peke yake, alisema, inahimili karibu megapaskali 100. Itavunjikaje kwa 24? Kwa sababu 24 ni wastani wa duara zima, na duara halikubeba mzigo sawasawa. Pale waya ulipobana, ukingoni, nguvu ilikuwa kubwa mara kadhaa, ufa ukaanzia hapo na kuingia ndani ya jino. Ndiyo maana mwaka 1994 Sano na wenzake walileta njia ya kukata vipande vyembamba vyenye eneo la karibu milimita 1 ya mraba na kuvivuta: eneo likiwa dogo, mzigo unagawanyika vizuri zaidi na uvunjikaji unarudi kwenye mshikamano wenyewe. Sisi hatukuwa na msumeno wa kukata vipande hivyo bila kuvipasua.

Kwa hiyo 24 ile si nguvu ya gundi, kwa kuwa gundi haikufikia mwisho wake. Si nguvu ya dentini pia. Papa alitaka iandikwe "zaidi ya 24". Dokta aliandika 24 na pembeni yake "dentini". Mimi nilisema litolewe kwenye wastani, na nililishikilia hilo mpaka Dokta alipouliza vile vidonge vilivyodondoka wakati wa kuchana mrija tutavifanya nini. Navyo havikupimwa. Tukivitoa, kundi kavu linabaki na meno yaliyovumilia tu, na linaonekana zuri kuliko lilivyo. Tukiviandika sifuri, tunasema havikushika kabisa, wakati vilishika kiasi cha kungoja kisu. Hivyo sikuwa tayari kuvitoa, na sikuwa na sababu ya kulitoa jino lile na kuviacha vyenyewe.

Wastani tuliukokotoa mara mbili, pamoja na jino lile na vidonge vile, kisha bila vyote, na daftari lina safu tatu: uzito, eneo, mahali palipovunjika. Muuzaji akiniletea megapaskali leo, naanzia safu ya tatu.