Kutoka 32767 hadi 65535: siku moja kwenye kibanda changu Darajani

Saa 11:30 alfajiri

Nimerudi msikitini, nakunywa chai ya tangawizi na boflo la jana lililopashwa juu ya jiko. Mke wangu ananiuliza nacheka na nani. Namwambia leo namalizia kompyuta ya Maalim. "Ile ya funguo za mpira?" Ndiyo, ile. Kwake ni kikokotoo kilichonenepa, na ukiitazama kwa haraka hujamkosea haki.

Saa 2 asubuhi

Daladala imejaa, nimesimama mpaka Darajani, Unguja mjini. Kibanda changu kiko kwenye uchochoro nyuma ya soko: meza moja, taa moja, TV ya chogo ya inchi 14, na makopo ya maziwa yaliyojaa skrubu. Mpwa wangu ameshafagia. Simu tatu za vioo vilivyopasuka zinanisubiri, na redio ya bibi mmoja wa Malindi ambayo kila mwezi huharibika waya uleule. Simu zinalisha nyumba, sitazisema vibaya. Lakini kubadilisha kioo ni kazi ya mikono tu, kichwa unakiacha nyumbani.

Saa 3:15

Simu mbili zimetoka. Naifungua ya Maalim.

Ni ZX Spectrum, ya kampuni ya Sinclair ya Cambridge, Uingereza. Ilitoka Aprili 1982 kwa sura mbili: ya kilobaiti 16 kwa pauni 125 na ya kilobaiti 48 kwa pauni 175. Hii ni ya 16. Maalim, aliyesomesha hesabu skuli kwa miaka mingi hapa mjini, aliletewa na nduguye baharia. Mwaka 1985 ndugu huyo huyo akamletea na kaseti ya mchezo. Juu yake pameandikwa 48K, yaani unataka mashine ya kilobaiti 48 za kumbukumbu. Haijawahi kufunguka hata siku moja, na Maalim hakuitupa.

Kilobaiti 16 si 16 za kutumia. Picha ya kwenye TV peke yake inakula baiti 6,912, mashine nayo inachukua zake za kuweka kumbukumbu za ndani, na wewe mwenye nyumba unabakiwa na kama 9,000. Ujumbe mmoja wa sauti kwenye simu yako ni mkubwa kuliko hapo mara nyingi.

Wiki iliyopita nilifanya kosa ambalo namgombeza mpwa wangu kila siku: nilichomeka bila kupima. TV ikaonyesha mistari myembamba ya kusimama, kisha ikawa nyeusi. Chipu za kumbukumbu za chini, yaani zile kilobaiti 16 za mwanzo, katika mashine hii ni nane, aina ya 4116, na kila moja inataka umeme wa namna tatu: volti 5, volti 12, na volti 5 za hasi. Adapta inaleta volti 9 tu. Hizo 12 na ile hasi hutengenezwa ndani ya bodi, na koili ndogo ikisaidiwa na transista iliyoandikwa TR4. Chipu ikipata 12 huku ile hasi haipo, inaungua. Na chipu ikiungua vibaya inaweza kuondoka na TR4. Hivi viwili huuana. Nilikuta vyote viwili maiti.

TR4 na kapasita zote nilishabadilisha jana usiku. Leo nimepima kwanza: 5 ipo, 12 ipo, hasi 5 ipo. Nikapumua.

Saa 4:30

Kuitafuta chipu mbovu hapa ni raha, kwa sababu mashine yenyewe inakuonyesha kidole. Kila baiti ina biti nane, na kila biti inakaa kwenye chipu yake. Picha ya TV nayo inakaa kwenye kumbukumbu hiyohiyo. Kwa hiyo chipu moja ikifa, unaona mstari mmoja wa kusimama kila baada ya nukta nane, kama uzi ulioruka kwenye kanga. Nikahesabu nukta kutoka kulia: ya tatu. Hiyo ni biti ya 2, kwa kuwa tunaanza na sifuri, na biti ya 2 inakaa kwenye chipu iliyoandikwa IC8 kwenye bodi.

Kuitoa ndiyo shughuli. Chipu za chini zimechomelewa moja kwa moja kwenye bodi, hazina soketi. Njia ya waungwana ni kuikata miguu yote 16, kutupa mwili, kisha kutoa mguu mmoja mmoja kwa koleo huku risasi ikiyeyuka, na mwisho kunyonya mashimo kwa pampu. Ukiing'oa nzima utaondoka na njia za shaba. Mimi nilikwenda kwa uungwana miguu 15, wa 16 nikafanya haraka kwa sababu mteja alikuwa ananiita mlangoni. Njia ikanyanyuka kama ngozi ya kitunguu. Nusu saa imekwenda kwenye waya mwembamba kuliko unywele wa mtoto.

Saa 6 mchana

Soketi imekaa. Namwambia mpwa wangu aniletee chipu, naye ananiletea 4164, chipu ya kumbukumbu ya aina nyingine.

"Mjomba, miguu si 16 sawasawa?"

Miguu ni 16, urefu ule ule, hata rangi. Lakini kwenye 4116 mguu wa 8 ndio unaopokea volti 12, na kwenye 4164 mguu wa 8 ndio wa volti 5. Ungeichomeka pale ingepata 12 mahali inapotaka 5, na moshi ungefika Forodhani. Nikamchorea zote mbili kwenye karatasi ya maandazi, yenye mafuta yake, akaibandika ukutani. Huyu atakuwa fundi, kwa sababu aliuliza kabla ya kuchomeka. Mjomba wake wiki iliyopita hakuuliza.

Za 4116 niliagiza nje tano. Mbili zilifika zimeshakufa. Ya tatu ikaingia, nikawasha, mistari ikatoweka, na chini ya TV yakatokea maneno ya Sinclair Research na mwaka 1982. Mpwa wangu akapiga makofi. Nikamzuia, bado ni mashine ya 16.

Saa 6:45

Swala ya adhuhuri, kisha urojo wa pale kona, pilipili nyingi. Nimekula nimesimama.

Saa 8 mchana

Sasa sehemu ninayoipenda. Bodi ya mashine hii ni ile ile kwa mwenye 16 na mwenye 48. Aliyenunua ya bei rahisi alipewa soketi tupu: nane za kumbukumbu ya kilobaiti 32 zaidi na nne za chipu za mantiki, yaani 74LS157 mbili, 74LS32 moja na 74LS00 moja. Nyumba imejengwa vyumba vyote, vingine havikutiwa milango.

Na chipu zilizokuwa zikitiwa kiwandani kwenye hizo soketi nane ndizo zinazonifanya nimpende Clive Sinclair, mwenye kampuni. Zilikuwa chipu za kilobiti 64 zilizotoka na kasoro upande mmoja. Kwa kawaida hutupwa. Zikauzwa kwa jina la 4532, kama chipu za kilobiti 32, kwa masharti kwamba unatumia ule upande mzima tu, na kwenye bodi kuna kiungo cha waya cha kuchagua upande upi. Watu wanaona ni ubahili. Mimi nimekaa Darajani miaka mingi natoa transista kwenye TV zilizokufa nikizitia kwenye redio zinazotaka kufa, nikamwona Mwingereza yule kama jirani wa uchochoro wa pili.

Zangu ni 4164 nzima, nilizozitoa kwenye bodi ya IBM ya kizamani niliyoinunua kwa muuza vyuma chakavu. Zilikuwa tisa kwa safu, nane za data na moja ya kukagua makosa, kwa hiyo nimebakiwa na akiba. Nusu ya kila moja italala tu humu ndani.

Miguu yake ilikuwa myeusi. Soketi nazo zina ukungu wa kijani, ndiyo hewa yetu ya chumvi, haimuachi mtu. Nimesugua kila mguu kwa kifutio cha penseli, soketi nimezipitisha spiriti na brashi ya meno. Kazi hii haina sifa yoyote, na nusu ya mashine zinazoitwa mbovu zinaponea hapa.

Saa 9:20 alasiri

Umeme umekatika. Nilikuwa nimebakiza chipu mbili.

Sikukasirika sana. Walioishi hapa mwaka 2008, tulipokaa kiza karibu mwezi mzima, halafu tena kuanzia Disemba 2009 miezi mitatu, hawababaiki kwa saa moja. Enzi zile nilipasha chuma cha kuchomea kwenye jiko la makaa, na risasi ikashika. Nimekaa barazani na kahawa. Bibi wa Malindi amekuja kuchukua redio, nimemwambia, "Bibi, usiibebe kwa waya." Ataibeba kwa waya.

Saa 11 jioni

Umeme umerudi na Maalim amefika naye, kanzu nyeupe, kaseti mkononi imefungwa kwenye leso.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa yu hai?"

Nikamwomba akae. Kabla ya kuzitia chipu za mwisho nilimwandikia amri ya kuuliza mashine kumbukumbu yake inaishia wapi: PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733. Jibu lilikuwa 32767, kama ilivyozaliwa. Nikazima, nikazitia mbili zilizobaki, nikageuza kila moja kuangalia pengo lake linatazama upande uleule, nikapima tena volti. Mara mbili. Mpwa wangu alikuwa ananitazama kwa jicho la hakimu.

Nikawasha. Skrini nyeusi ikakaa muda mrefu kidogo kuliko asubuhi, na hiyo ni dalili njema: mashine inapoamka huitembelea kumbukumbu yote baiti kwa baiti, na safari imerefuka. Maneno yakatokea.

Nilitaka kuandika mimi, Maalim akanisogeza mkono. Kwenye mashine hii neno zima liko kwenye kitufe kimoja. P ni PRINT, lakini PEEK lazima ubonyeze shifti mbili pamoja kwanza, ndipo O. Mimi huangalia karatasi. Yeye hakuangalia kitu. Vidole vya mzee wa miaka sabini na kitu vilikwenda wenyewe.

65535.

"Mbili kwa kipeo cha 16, toa moja," akasema, polepole, kama yuko mbele ya darasa. Hapo ndipo inapofikia Z80, prosesa ya mashine hii, kwa njia zake 16 za anwani. Zaidi ya hapo haioni. Ndani ya 65,536 hizo, 16,384 za mwanzo ni za ROM, kumbukumbu ya kudumu ya kiwandani, na zilizobaki zote sasa zina chipu zake.

Saa 12:40 magharibi

Tumeswali, tumerudi. Kaseti imetoka kwenye leso. LOAD, alama za kufunga na kufungua, ENTA, nikabonyeza kinanda cha kaseti. Kingo za TV zikaanza mistari mekundu na ya samawati, kisha buluu na njano, na ule mlio wa kukwaruza ukajaza uchochoro mpaka muuza kahawa akachungulia. Picha ikaanza kujichora, theluthi ya juu, ya kati, ya chini. Maalim hakusema neno. Dakika ya nne, mlio ukayumba.

R Tape loading error, 0:1.

Kumbukumbu haina kosa, nimeipima tena na nambari ni ileile. Ni kichwa cha kaseti, kimekaa pembe, na sauti nyembamba zinapotea. Kuna skrubu ndogo pembeni yake ya kukirekebisha, robo mzunguko tu, huku unasikiliza mpaka mlio ukolee.

"Basi niache kaseti?" Maalim akauliza.

Akaiacha. Leso akaondoka nayo.

Saa 2:30 usiku

Mpwa wangu nimemruhusu. Nimefunga mlango nusu, bisibisi mkononi, sikio karibu na spika.