Nimepiga pasi kabati

Jamani, juzi nimepiga pasi mlango wa kabati la jikoni. Msicheke.

Kijana aliyeleta gesi aliugonga na mtungi, mbao ikabonyea, shimo kama sarafu ya shilingi mia. Hapo weka na mikwaruzo ya siku zote, ya masufuria na ya mwanangu na kijiko chake. Fundi seremala akataka nibadilishe mlango mzima. Nikamwambia asante fundi, nitakupigia.

Mama mkwe ndiye aliyenipa ujanja. Weka kitambaa kilicholowa maji juu ya shimo, gandamiza pasi ya moto sekunde chache, inua, rudia. Mvuke unaingia kwenye nyuzi za mbao zilizolala, zinavimba, zinanyanyuka. Mara ya tatu nikapapasa kwa kidole: shimo limebaki kivuli tu! Ila yangu ni mbao ya mtiki. Kama lako ni la MDF, zile mbao za kiwandani za nyuzi zilizoshindiliwa na gundi, usithubutu, litaumuka kama andazi.

Mikwaruzo ndiyo iliyonitoa jasho. Nilisubiri mbao ikauke, nikapiga msasa namba 120, halafu 240 ulio laini zaidi, kufuata mkondo wa mbao, yaani ile mistari yake. Mahali pamoja niliukatiza mkondo kwa haraka zangu, nikajiongezea mikwaruzo mipya. Palipochimbika nikajaza unga wa mbao uliochanganywa na gundi, nikaacha usiku kucha, asubuhi msasa kidogo na vanishi mara mbili.

Kiraka kimoja kimegoma kufanana na mlango. Nimetundika taulo hapo.