Miiko ya Wageni, Miiko ya Jikoni

Ijumaa ile, nyumbani Dar es Salaam, nilikuwa na wageni 8: Waislamu 3, Waethiopia 2 wa Kanisa la Orthodoksi, Mjaini 1 (mfuasi wa Ujaini, dini ya kale ya India) na Wajerumani 2. Kilichonisaidia ni kupanga chakula kwa kuanzia na mwenye miiko mingi kuliko wote. Ukianza na pilau ya nyama halafu ukawa unapunguza, kuna mtu ataishia kula kachumbari, na hata hiyo ina kitunguu.

Mgeni ukimuuliza "unakula nini?" atakujibu "chochote tu", ndiyo adabu. Mimi niliuliza hivi: kitu gani huli kabisa? Ijumaa unakula kama siku nyingine? Jua likishazama unakula? Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, hawagusi nyama, maziwa, siagi wala mayai. Mjaini anayeshika dini yake hali nyama, na pia hali vitunguu, saumu, viazi, karoti wala tangawizi mbichi, na wengi wao hawali usiku.

Nazi ndiyo iliyobeba meza yote, kwa sababu tui linakolea bila samli wala maziwa. Nilikuna nazi 4. Kwa wali, kilo 1 ya mchele, kama vikombe 5, niliupika kwa vikombe 6 vya tui jepesi na chumvi. Ulipokaribia kukauka nikamimina vikombe 2 vya tui zito, nikafunika na kupalilia makaa juu ya mfuniko. Tui zito likitangulia kwenye moto mkali hukatika, wali ukashika chini na ndani ukabaki na kiini.

Mbaazi kavu nusu kilo niliziroweka tangu asubuhi, nikazichemsha hadi zikalainika kabisa ndipo nikatia nyanya. Nyanya ikitangulia, mbaazi zinakuwa ngumu hata ukimaliza gunia la mkaa. Badala ya kitunguu na saumu nilitumia mvuje, utomvu mkavu wa mmea, uleule ambao watoto wachanga hufungiwa. Ncha ya kijiko kidogo inatosha, na ni lazima uingie kwenye mafuta ya moto kwanza, sekunde chache tu, hadi ile harufu kali igeuke kuwa kama ya kitunguu kilichokaangwa. Ukiutia kwenye mchuzi mbichi utanukia chungu kizima. Soma pakiti pia: mvuje wa unga mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, na wapo wageni wasiokula ngano. Mahali pa viazi niliweka ndizi mbichi za tui na bizari ya unga.

Vinavyoharibu kazi ni vitu vidogo. Vile vipande vya kuungia mchuzi vina ladha ya kuku au ng'ombe. Baadhi ya majarini yana maziwa, kwa hiyo chapati nilizikanda na kuzichoma kwa mafuta ya alizeti.

Saa nayo ilinisumbua. Dar jua huzama baada ya saa 12 jioni, na hapohapo Magharibi inaingia. Nilipakua saa 11 kamili, vyakula vya nazi vyote kwa pamoja, ili Mjaini ale na wenzake wala asitengewe sahani peke yake mapema. Adhana ilipoadhiniwa, mikeka ilikuwa tayari imetandikwa chumba cha pili kuelekea Kibla, ambacho kwa Dar ni karibu kaskazini moja kwa moja. Baada ya sala nikaleta kuku wa kupaka, aliyechinjwa kihalali, pamoja na chai ya rangi ya iliki.

Wajerumani niliwaambia mapema kwamba mezani hakutakuwa na pombe, wakaja na matunda. Niliwawekea uma na vijiko. Wengine niliwanawisha kwa birika, wakala kwa mkono wa kulia.

Kuku nilimweka meza ndogo ya pembeni, na upawa wake wa chuma. Vyakula vya nazi vyote vilikuwa na miiko ya mbao. Upawa wa kuku ukizama mara moja kwenye mbaazi, bakuli lile watu 3 hawaligusi tena.