Kasoro ya HTTP/2 na seva yetu ya Mji Mkongwe

Seva ninayoiangalia huhudumia tovuti za nyumba chache za wageni hapa Mji Mkongwe, na wiki iliyopita niligundua kwamba ilikuwa bado wazi kwa kasoro ya usalama yenye namba ya utambulisho CVE-2023-44487, iliyotangazwa tarehe 10 Oktoba 2023. Uzembe ni wangu.

Katika HTTP/2, toleo la pili la itifaki ambayo vivinjari na seva za tovuti huwasiliana kwayo, kivinjari hutuma maombi mengi ndani ya muunganisho mmoja, na seva huweka kikomo cha yale yanayoendelea kwa wakati mmoja. Mshambuliaji hutuma ombi, hulifuta papo hapo, kisha hutuma jingine, hivyo kikomo hakifikiwi ilhali kazi ya kila ombi imeshaanza. Ni kama mtu barazani anayeagiza kahawa na kuikataa inapomiminwa, tena na tena: mkononi hana kikombe, lakini dele limekwisha. Google ilikabiliwa na shambulio la namna hii lililofikia maombi milioni 398 kwa sekunde.

Nilisakinisha usiku toleo jipya la Nginx, programu inayohudumia tovuti kwenye seva yetu. Amri ya "nginx -t", inayokagua mipangilio, iliikubali, nikaipakia upya nikidhani nimemaliza. Kumbe kupakia upya husoma mipangilio tu, na programu ya zamani hubaki kwenye kumbukumbu. Ilinibidi niizime kabisa na kuiwasha tena. Kikomo cha keepalive_requests, yaani idadi ya maombi yanayoruhusiwa katika muunganisho mmoja, ambacho niliwahi kukipandisha kwa tamaa ya kasi, nimekirudisha kwenye 1000.