Dawa yangu ya mgongo

Jumatano, saa saba usiku

Mama amelala. Niko pembeni ya kitanda nasikiliza anavyopumua, na nikikumbuka nilichotaka kufanya saa tatu zilizopita mikono bado inatetemeka.

Tangu apate kiharusi maneno yake yamebaki machache. Kichwa kikimuuma halalamiki. Hushika paji la uso kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akafumba macho. Leo alishika kichwa, akalia. Mama yangu, aliyezaa watoto watano bila kupiga kelele!

Mkobani nina diklofenaki, vidonge vyangu vya maumivu ya mgongo. Kidonge kimoja nilishakitoa. Aliyenizuia ni Shangazi, kwenye simu. Amefanya kazi ya uuguzi miaka mingi.

“Mwanangu, hiyo usimpe. Mama yako si yuko kwenye aspirini?”

Kabla ya dawa yoyote akaniuliza: maumivu yamekuja ghafla? Ametapika? Anasinzia kuliko kawaida? Shingo imekaza? Mdomo umezidi kupinda? Likiwepo hata moja, alisema, achana na vidonge, tafuta gari sasa hivi. Halikuwepo. Yalianza taratibu tangu jioni, kama yale ya juzi ambayo daktari aliyaona. Presha nikapima: 148 kwa 86.

Basi Panadol, yaani parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500. Nilimkalisha wima, nikampa kwanza kijiko cha maji nione kama atapaliwa, kama tulivyofundishwa wodini. Mtu mzima asizidishe vidonge vinane kwa siku, ila Mama ana kilo 44 na daktari alimwekea mwisho sita. Navihesabu kwenye daftari, hata dawa ya mafua, maana nyingi zina parasetamoli ndani.

Diklofenaki na mwenzake ibuprofeni, dawa nyingine ya maumivu, hupandisha presha na kuchubua tumbo, na zikikutana na aspirini tumbo linaweza kuvuja damu. Ibuprofeni inaweza hata kuizuia aspirini isifanye kazi yake ya kuzuia damu kuganda. Nami ningempa kwa mkono wangu, kwa mapenzi.

Na aspirini yenyewe! Mama ameandikiwa ile ndogo, miligramu 75, kwa sababu picha ya CT, ile ya ndani ya kichwa, ilionyesha mshipa umeziba. Mgonjwa wa kitanda cha jirani mshipa wake ulipasuka. Kwa nje walifanana kabisa, mkono umelegea, mdomo umepinda, na aspirini kwake ingeongeza damu kichwani. Nawaza nyumba ngapi mtu anadondoka sebuleni na ndugu wanakimbilia kumpa aspirini kabla picha haijapigwa.

Diklofenaki nimezihamishia chumbani kwangu, juu ya kabati. Daftarini nimeandika: saa 4:10 usiku, viwili. Paji la uso la Mama limekunjuka. Asubuhi nampeleka kliniki hata akiamka mzima, kwa kuwa kichwa mara tatu ndani ya wiki moja sitaki kukizoea.